Mizani ya Pamba na Mashine ya Kukereza

Mtu wa pwani akisikia neno kukereza huwaza kwanza miguu ya vitanda vya zamani, iliyotiwa mafundo na viuno kwa patasi huku mti ukizungushwa kwa uta na kamba. Neno hilo lina umri mkubwa kuliko mota na kuliko umeme. Sisi wa Kanda ya Ziwa tulilipokea likiwa tayari limehamia kwenye chuma, lakini jambo lenyewe halikubadilika: kitu cha kukatwa kinazunguka, kisu kimeshikwa imara pembeni, na vinapogusana ganda jembamba hubanduka na kuanguka chini kama maranda. Kinachobadilika ni ukinzani. Mti husalimu amri upesi. Chuma hakisalimu amri mpaka kilipwe. Kilipwe kiasi gani, na kwa sarafu gani, ndilo jambo ninalotaka kulieleza hapa, maana mwaka 1981 nililipia kwa mota ya shule.

Wakati huo nilikuwa mwalimu wa hisabati katika shule moja ya sekondari yenye mchepuo wa ufundi, si mbali na Mwanza mjini. Tulikuwa na mashine ndogo ya kukereza, yenye mota ya nguvu 1 ya farasi, na mfanyakazi mmoja wa karakana, mtu wa Uzinza, ambaye vyeti vyake vyote vilikuwa katika vidole na masikio. Sote tulimwita Fundi, nami nitamwita hivyo hivyo.

Jumamosi moja alasiri walifika watu wanne kutoka ng'ambo ya ghuba, upande wa Sengerema. (Siku hizi wangepita juu ya daraja la Kigongo na Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, siku hizo walikuja kwa mtumbwi wa injini.) Walibeba kipande cha chuma cha mviringo, chenye kipenyo cha milimita 80 na urefu wa sentimita 70, pamoja na shafti iliyovunjika ya mashine ya kusaga ya kijiji chao. Chuma kile kilitakiwa kupunguzwa mpaka kipenyo cha milimita 62. Mwenye mtumbwi alitaka kurudi kabla ziwa halijachafuka.

Fundi alianza kukata kwa kina cha milimita 1. Mimi nilisimama pembeni na chaki yangu, nikapiga hesabu ubaoni. Kila upande ulihitaji kupungua milimita 9, kwa hiyo kisu kingepita mara 9. Mashine ilizunguka mara 100 kwa dakika, na kisu kilisogea milimita 0.3 kwa kila mzunguko, yaani milimita 30 kwa dakika. Basi kupita mara moja kungechukua dakika 23 na ushei, na kazi nzima saa tatu na nusu. Nikamwambia, "Fundi, tukikata milimita 3 kwa pamoja tutamaliza kwa saa moja na dakika kumi."

Alitazama taa iliyoning'inia juu ya mashine. Akasema, "Mwalimu, jioni hii haitaki."

Nilidhani anazungumzia uchovu wake. Alinizidi umri kwa zaidi ya miaka ishirini, lakini mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wa zamu, na hesabu yangu ilikuwa ubaoni mbele ya wageni na wanafunzi. Nikasisitiza. Akaongeza kina bila kusema neno jingine.

Kwa dakika chache mambo yalikwenda vizuri. Maranda yalitoka mazito, yakifuka moshi, nami nikajisikia mtu wa maendeleo. Kisha mlio ukashuka, ukawa mzito kama wa ng'ombe aliyekwama kwenye tope. "Inalia, Mwalimu," alisema Fundi, mkono tayari uko kwenye swichi. Ulichelewa. Harufu ya waya zinazoungua ilikuwa imekwisha kujaa karakana. Fyuzi ingetuokoa, lakini fyuzi ilikuwa imekatika siku nyingi, na mahali pake pamefungwa kipande cha waya, kama ilivyokuwa desturi ya miaka ile.

Miongoni mwa wale wageni alikuwamo mama mmoja wa makamo. Aliniambia kwa adabu yote, "Pole kwa mashine yako, mwanangu. Na sisi tutwange mpaka lini?"

Ili msomaji kijana aelewe uzito wa swali la mama yule, yampasa akumbuke tulikuwa wapi. Pwani za ziwa hili hazikuwa geni kwa chuma. Huko Katuruka, katika nchi ya Wahaya, wachimbuaji wa mambo ya kale wakiongozwa na Peter Schmidt walikuta mabaki ya uyeyushaji wa chuma wa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na katika miaka ya 1970 wazee wa Kihaya waliweza bado kujenga tanuri na kuyeyusha chuma mbele ya wageni hao. Kusini ya ziwa, Warongo walihama na mivukuto yao wakifuata mawe na kuni, na majembe ya Uzinza yaliuzwa mbali hata Unyamwezini. Babu yake Fundi alikuwa mmoja wa watu wa kazi hiyo. Lakini mhunzi ana hila moja kubwa: hukipasha chuma moto kwanza mpaka kilainike, ndipo akipige. Mkerezaji hukikabili kikiwa baridi na kigumu. Elimu ya mhunzi, pamoja na heshima yake yote, haikuweza kuvushwa moja kwa moja mpaka kwenye mashine. Ilibaki pengo katikati.

Pengo hilo lilizibwa na watu wengine, mahali pengine. Meli ya mvuke William Mackinnon iliundwa Scotland, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa mpaka Kisumu na kuunganishwa huko, na mwaka 1900 ikaingia majini. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Mwanza tuliipata mwaka 1928. Hata MV Victoria, iliyoanza safari mwaka 1961, nayo ilitoka Scotland katika vipande na kuunganishwa Kisumu. Kwa hiyo ufundi mzito wa ziwa zima ulikaa Kisumu penye chelezo, na ule wa reli ulikaa katika karakana kuu ya Nairobi. Mwanza tulikuwa na gati, na pamba, na vinu vya kuchambulia pamba, na mafundi hodari wa kutengeneza. Lakini kazi kubwa iliposhindikana jibu lilikuwa kuipeleka Kisumu.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa mwaka huo, na haukufunguliwa tena mpaka 1983. MV Victoria ilibaki upande wetu. Chelezo cha Kisumu kilibaki upande wa pili. Mara ikaja vita vya Kagera, 1978 na 1979, na baada ya vita fedha za kigeni zikawa kama mvua ya mwaka wa njaa. Serikali ilikuwa imeliona jambo hili, ndiyo maana ikazungumza juu ya viwanda mama, na karakana za Mang'ula na baadaye kiwanda cha zana za mashine huko Kilimanjaro vikajengwa ili nchi ijitengenezee mashine zake. Lakini kutoka Mang'ula mpaka shule yetu ni mbali. Mwaka 1981 ukiunguza mota ya nguvu 1 ya farasi pale Mwanza, hukwenda dukani kununua nyingine. Ulikaa.

Sisi hatukukaa. Wazo lilikuwa la Fundi. Alikwenda kuomba gurudumu la mkanda la mashine kukuu ya kuchambulia pamba, gurudumu zito la chuma lenye nusu kipenyo cha sentimita 40, akalifunga nyuma ya mashine yetu, moja kwa moja kwenye mhimili unaozungusha kazi, akatia mpini. Wavulana wawili waliushika mpini wakazungusha. Chuma kikazunguka mara 40 kwa dakika, na kisu kikakata. Polepole, lakini kilikata. Ile shafti iliyonishinda tuliimaliza kwa mikono baada ya saa kama 13 za kazi, tulizozigawa katika siku 4, wavulana wakipokezana wawili wawili. Kijiji kilikuwa kimekaa bila kusaga kwa muda wa miezi miwili.

Na hapo ndipo nilipopata somo ambalo sikulipata chuoni. Wavulana walianza kubishana kina kipi ni kizito na kipi ni chepesi. Walikuwa wakikisikia mabegani mwao. Mmoja akauliza kwa nini tusipime. Tukaazima mizani ya springi ya kununulia pamba. Tukafunga kamba ya katani kwenye ukingo wa gurudumu, tukaizungusha mara tano, na ncha yake tukaitundika kwenye mizani. Mvulana mmoja aliivuta mizani hiyo akitembea kwa mwendo wa kawaida kuvuka uwanja wa karakana, kamba ikifunguka, gurudumu likizunguka, na mwenzake akitembea ubavuni mwake akisoma namba kwa sauti, nasi tukiziandika.

Kisu kikiwa hakijagusa kitu, mizani ilisoma kilo 2. Hizo zililiwa na mashine yenyewe, na msuguano na grisi iliyoganda. Tukafunga chuma chakavu cha kipenyo cha milimita 80, tukakata kwa kina cha milimita 2 na mwendo wa milimita 0.1 kwa kila mzunguko. Mizani ikasoma kilo 7 na nusu. Tofauti ni kilo 5 na nusu. Sasa nusu kipenyo cha gurudumu ilikuwa sentimita 40, na ya chuma sentimita 4, basi kwa kanuni ya wenzo kisu kilikuwa kinasukumwa mara 10 zaidi: kilo 55. Maranda yale yalikuwa na eneo la milimita 2 mara 0.1, yaani milimita za mraba 0.2. Wavulana waliponiambia kwamba milimita moja ya mraba ingehitaji kilo 275, niliwaambia warudie. Kilo 275 ni karibu magunia matatu ya mahindi yamesimama juu ya kitu kidogo kuliko punje ya mtama! Walirudia. Ikatoka ile ile.

Tukabadilisha. Safari hii kina kilikuwa milimita 1, mwendo milimita 0.2. Eneo halikubadilika hata chembe: moja mara 0.2 ni 0.2. Nilikwisha kuandika ubaoni kwamba mizani itasoma kilo 7 na nusu kama mwanzo. Ikasoma 6 na nusu.

"Mizani inapunja!" walipiga kelele wote.

Hawakuwa na kosa kudhani hivyo. Hao walikuwa watoto wa wakulima wa pamba wa Usukuma, na katika nchi hii mizani ya pamba ina historia yake. Malalamiko ya kupunjwa penye mizani ya wanunuzi ndiyo yaliyowasukuma wazazi na babu zao, mwanzoni mwa miaka ya 1950, kujiunga katika vyama vya ushirika chini ya akina Paul Bomani, mpaka ukaundwa muungano mkubwa wa vyama vya Victoria mwaka 1955. Mtoto wa Kisukuma alilelewa akijua kwamba mizani yaweza kusema uongo. Tulipima jiwe ambalo uzito wake tuliujua. Mizani ilikuwa safi. Tulirudia kukata mara nne. Ganda nene na fupi lilihitaji kani ndogo kuliko ganda jembamba na pana, ingawa eneo ni lile lile. Sikuwa na maelezo. Niliandika namba zile katika daftari, nikafunga mjadala kwa namna ambayo walimu tunaijua sana: niliwaambia tutaliangalia siku nyingine.

Siku hiyo nyingine ilichukua zaidi ya miaka kumi kufika. Mwaka 1984 masharti ya kuingiza bidhaa yalipolegezwa, mota zilizokwisha kutumika zilianza kuonekana mitaani, nasi tukapata moja. Mimi nilihamishiwa katika kufundisha walimu, na katika maktaba ya chuo nilikuta vitabu vya ufundi ambavyo hakuna aliyekuwa akiviazima. Humo niliwakuta watu waliokuwa wamevuta kamba ile ile kabla yetu.

Wa kwanza kunipendeza alikuwa Rumford, aliyesimamia utengenezaji wa mizinga mjini Munich. Mwaka 1798 alieleza jinsi alivyotoboa mzinga kwa kekee butu iliyozungushwa kwa farasi, mzinga umezamishwa katika maji. Baada ya saa mbili na nusu maji yakachemka bila moto wowote, watazamaji wakashangaa. Yeye alitafuta asili ya joto, si bei ya kukata chuma. Lakini alionyesha jambo ambalo kila mkerezaji hulijua kwa kuungua vidole, kwamba nguvu inayoingia kwenye kisu haipotei; karibu yote hugeuka kuwa joto.

Kisha nikamkuta Frederick Taylor, Mmarekani wa Philadelphia. Alianza majaribio yake mwaka 1880 katika kiwanda cha Midvale, na alipoyatangaza mwaka 1906 alikuwa ameyafanya kwa miaka ipatayo 26, akigeuza kuwa maranda zaidi ya ratili 800,000 za chuma, yaani tani kama 360. Hebu fikiri: tani 360 za chuma kizuri, zimekatwa ili ijulikane tu namna ya kukata! Yeye na mwenzake White walipata aina ya chuma cha visu kilichoendelea kukata hata ncha yake ilipokuwa nyekundu kwa moto, wakakionyesha Paris mwaka 1900, na viwanda vya dunia havikuwa tena kama zamani.

Namheshimu Taylor kwa subira yake. Hata hivyo sikuweza kusoma kurasa zake bila kuiona aibu yangu mwenyewe. Nia yake haikuwa kumpa mkerezaji maarifa. Ilikuwa kumwondolea uamuzi. Kina, kasi na mwendo wa kisu vipangwe ofisini na mtu mwenye kikokotoo, na mwenye mashine atekeleze. Wafanyakazi walimpinga, na mwaka 1911 kuingizwa kwa taratibu zake kulizusha mgomo katika karakana ya silaha ya Watertown. Mimi sikuwahi kumsikia Taylor mwaka 1981, lakini nilikuwa nimesimama pale na chaki kama mwanafunzi wake mpendwa. Tena mwanafunzi mbaya, kwa sababu yeye alipima kwanza.

Aliyenijibu lile swali la wavulana alikuwa Mjerumani, Otto Kienzle, aliyechapisha kanuni yake mwaka 1952. Alisema hivi: kani ya kukata ni eneo la ganda mara namba maalumu ya chuma husika, lakini namba hiyo haisimami mahali pamoja. Ganda likiwa jembamba, namba hupanda. Likiwa nene, hushuka. Kwa chuma cha kawaida kama kile chetu, ganda la unene wa milimita 0.1 huhitaji nyutoni kama 2,650 kwa kila milimita ya mraba, la milimita 0.2 kama 2,250, la milimita 0.3 kama 2,000. Nilitoa daftari langu la 1981. Kilo moja ni karibu nyutoni 10. Sisi tulipata 2,750 na 2,250. Niliketi kimya maktabani kwa muda. Kwa kamba ya katani na mizani ya pamba, watoto wale walikuwa wameiona kanuni ya Kienzle kwa macho yao, na mwalimu wao akaahirisha kikao.

Ndipo nikawa na moyo wa kurudia hesabu ya ile Jumamosi. Msomaji asiyependa namba na avumilie aya moja, kwani ndiyo kiini cha habari yote. Kani ni msukumo; nguvu ya mashine ni msukumo huo ukizidishwa na kasi. Kina cha milimita 3 na mwendo wa 0.3 hutoa ganda la milimita za mraba 0.9. Mara 2,000, tunapata nyutoni 1,800, sawa na magunia mawili ya mahindi ya kilo 90. Chuma cha kipenyo cha milimita 80 kikizunguka mara 100 kwa dakika, uso wake hupita kwenye kisu kwa kasi ya mita 25 kwa dakika. Zidisha 1,800 kwa 25, gawanya kwa 60: wati 750. Nguvu 1 ya farasi ni wati 746. Na hapo bado mikanda na giya hazijala fungu lao, ambalo kwa mashine kama ile si chini ya robo. Kwa hiyo mota ilitakiwa kutoa wati 1,000. Nilikuwa nimeibebesha mzigo uliozidi uwezo wake kwa theluthi nzima, kwa hesabu ya muda isiyo na kosa hata moja.

Kwa milimita 2 ingehitajika kama wati 670. Kwa kina hicho, nilijiambia, tungepona, na tungemaliza kwa saa mbili hivi. Kwa hiyo nilijifariji kwamba mimi nilizidisha na Fundi naye alipunguza mno, na ukweli ulikuwa katikati. Niliridhika na jibu hilo kwa miezi kadhaa, mpaka usiku mmoja nyumbani taa ilipofifia nami nikakumbuka alivyotazama juu kabla ya kunijibu.

Jioni ile umeme ulikuwa hafifu. Ilikuwa kawaida: watu wakirudi nyumbani na kuwasha majiko, umeme wa mwisho wa waya ulipungua, na taa ya karakana ilikuwa ya manjano kama kibatari. Mota ikipata asilimia 80 tu ya umeme wake, hubakiwa na asilimia kama 64 ya uwezo wake wa kusokota, na ikilazimishwa kubeba zaidi hunywa umeme mwingi na kuungua. Asilimia 64 ya wati 746 ni wati 477. Milimita 2 zilihitaji 670: zingeiunguza, ingawa kwa kuchelewa kidogo. Milimita 1 ilihitaji kama 335. Kina cha Fundi ndicho pekee kilichowezekana kwa saa ile, kwa waya ule, chini ya taa ile.

Nilimtafuta. Alikuwa amekwisha staafu na kurudi kwao Uzinza, nikavuka ghuba kwenda kumwona, daftari liko mkobani. Baada ya maamkizi na chakula nilimweleza yote, toka Taylor hata Kienzle, nikamwonyesha kwamba alikuwa sahihi kwa namba. Alilishika daftari mbali kidogo na macho, kama wazee tufanyavyo, akafuata mistari kwa kidole chake kisicho na ukucha. Alipofika mwisho aliuliza jambo moja tu.

"Na huyu Mjerumani, Mwalimu. Kwao taa haififii jioni?"